Kila milisekunde ni milimita mbili

Nikiitwa kwenye mashine inayosimama ovyo, mara nyingi nakuta kuna mwenzangu aliyekwisha kupita. Amechoka kuamshwa usiku, akaingia kwenye programu ya usanidi na kuongeza muda ambao mashine husubiri ujumbe wa usalama kabla ya kujisimamisha. Mashine imetulia, kila mtu ameridhika. Pazia la mwanga, ile miale inayosimamisha mashine mkono ukiikatiza, liko palepale lilipokuwa.

Zamani kila kifaa cha usalama kilikuwa na waya wake hadi kwenye rilei, swichi ya umeme inayokata mota. Siku hizi pazia, kitufe cha dharura na kufuli ya mlango vinatumia kebo ileile inayobeba data ya kawaida. Ajabu ni kwamba mtandao wenyewe hauaminiwi hata chembe. Wataalamu huuita chaneli nyeusi, yaani hatuna haja ya kujua kinachotokea ndani yake. Kazi ya ulinzi hufanywa na ncha mbili zinazozungumza. Kila ujumbe una namba ya mfuatano au muhuri wa muda, utambulisho wa mtumaji na mpokeaji, na hesabu ya CRC, ambayo huonyesha kama data imeharibika njiani. Ujumbe sahihi usipofika ndani ya muda uliowekwa, mpokeaji huchukulia kwamba kuna hatari: thamani zinashuka hadi sifuri, mota inasimama. PROFIsafe, CIP Safety na FSoE, itifaki za usalama zinazotumika kwenye mitandao hii, zinatofautiana kwa mengi, ila hilo ni lao zote.

Sasa huo muda. Ukiwa mfupi kuliko mizunguko ya kidhibiti, mtandao na kifaa ikijumlishwa, mashine haitakaa ikifanya kazi. Ukirefushwa, unaingia wote kwenye hesabu ya hali mbaya kuliko zote, kwa sababu kebo inaweza kukatika sekunde ileile mkono unapokatiza mwanga. Kiwango cha ISO 13855 kinachukua mkono unaokwenda milimita 2000 kwa sekunde pale pazia linapokaa karibu na hatari. Tuseme kuanzia mwanga kukatizwa hadi mashine kusimama ni milisekunde 150. Nikiacha nyongeza nyingine pembeni, pazia linatakiwa kukaa milimita 300 kutoka kwenye hatari. Ongeza milisekunde 100 za kusubiri, umbali unakuwa milimita 500. Kwa hiyo aliyebadilisha namba ile kwenye kompyuta alipaswa pia kushika spana na kulisogeza pazia nyuma sentimita 20.

Kwenye mashine moja ya kubonyeza bati, nilirudisha muda wa mwanzo kisha nikafungua kaunta za makosa za swichi ya mtandao. Lango moja, yaani tundu la kuchomekea kebo, lilikuwa limejaa makosa, mengine yote safi. Nikaifuata kebo yake hadi ndani ya mnyororo unaojikunja na mkono wa mashine. Mkono ukifika mwisho wa safari, kebo inavutwa, kiunganishi kinacheza. Nilikigusa kwa kidole, ujumbe wa hitilafu ukatokea hapohapo. Dawa ilikuwa kebo ya kujikunja na kiunganishi kipya.

Anwani za vifaa kwenye mtandao nazo zina visa vyake, ingawa si vigumu. Moduli nyingi, yaani vifaa vinavyounganisha vitufe na pazia kwenye mtandao, husoma swichi zake ndogo za anwani wakati wa kuwashwa tu, hivyo ukigeuza kwa bisibisi bila kuzima umeme, hujabadilisha kitu. Na ukifunga moduli iliyotoka kwenye mashine nyingine, usishangae ikikataa kuunganishwa: huenda bado inamtambua mmiliki wake wa zamani, yaani kidhibiti cha mashine ilikotoka. Futa kwanza usanidi wake wa zamani, lakini hakikisha uliyoishika ndiyo unayoiona kwenye skrini. Mimi huamuru taa yake iwake na kuzima, nikaenda kuitazama kwa macho.

Nikimaliza, nabonyeza kila kitufe cha dharura, kimoja kimoja, hata vile ambavyo sikuvigusa. Napima muda wa kusimama kwa kipimo, si kwa kukisia. Kisha naandika sahihi ya usanidi, ile namba ndefu inayotolewa na programu, kwenye karatasi na kuibandika ndani ya mlango wa paneli. Nikirudi baada ya miezi sita nikaikuta tofauti, najua kabla ya kuuliza mtu kwamba kuna aliyepita.