Mafunjo na korongo-nyangumi: tofauti kati ya uainishaji na hali ya uhifadhi

Uainishaji wa kisayansi hueleza undugu wa kiumbe na viumbe wengine, ilhali hali ya uhifadhi hueleza ukubwa wa hatari ya spishi kutoweka. Dhana hizi huonekana pamoja katika maelezo ya spishi, na pengine ndiyo sababu huchanganywa. Mfano mzuri wa kuzitofautisha unapatikana katika vinamasi vya Afrika.

Mafunjo (Cyperus papyrus), yaliyopewa jina hilo la kisayansi na Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi, mwaka 1753, ni mimea itoayo maua, ingawa maua yenyewe ni madogo mno na hayana petali. Yamo katika himaya ya mimea, oda (kundi la familia zenye undugu) ya Poales na familia ya Cyperaceae, na jenasi yake (kundi dogo la spishi za karibu ndani ya familia) ni ileile ya ndago, gugu sugu la mashambani. Korongo-nyangumi (Balaeniceps rex) yumo katika himaya ya wanyama, ngeli ya ndege. Zamani aliwekwa pamoja na makorongo, lakini siku hizi, kwa ushahidi wa DNA hasa, huwekwa katika oda moja na mwari, Pelecaniformes. Familia yake, Balaenicipitidae, haina spishi nyingine iliyo hai, ilhali Cyperaceae ina zaidi ya 5,000. Kwa hiyo kulinganisha familia ya ndege na familia ya mimea kana kwamba ni vipimo sawa ni kupotoka.

Hali ya uhifadhi, kinyume chake, hupimwa kwa ngazi moja kwa mimea na wanyama. Orodha Nyekundu ya IUCN (muungano wa kimataifa wa uhifadhi wa mazingira), iliyoanzishwa mwaka 1964, huangalia kasi ya kupungua kwa spishi, upana wa eneo lake na idadi ya waliokomaa. Mafunjo, yanayoenea kwa wingi kwa mashina yatambaayo, yamo katika daraja la wasiwasi mdogo. Korongo-nyangumi, anayekadiriwa kuwa kati ya 5,000 na 8,000 na ambaye kwa kawaida hulea kinda mmoja tu hata akitaga mayai mawili, yumo katika daraja la chini kati ya matatu ya spishi zinazotishiwa kutoweka. Hakuwekwa humo kwa sababu ya upweke wa familia yake, bali kwa kuharibiwa kwa vinamasi, usumbufu wa binadamu na kukamatwa kwa ajili ya biashara.

Madaraja hayo, tena, ni ya dunia nzima: mafunjo yaliwahi kutoweka karibu kabisa porini nchini Misri, nchi iliyoyatumia kutengenezea karatasi, bila kuwa hatarini kwingineko.