Akirudi kutoka kutibiwa, mtaa mpo?

Mimi ni muuguzi wa afya ya akili hapa Mtwara, leo naongelea kitu kimoja tu maana ndo kinachoniumiza kuliko vyote: kijana aliyeacha unga, yaani heroini, halafu akarudia.

Wengi tunadhani akishamaliza miezi yake soba, zile nyumba za kuwasaidia watu kuacha unga, huko Dar basi kapona. Jamani, hapo ndo pa hatari. Mtu akitumia heroini kila siku mwili unaizoea, kete iliyomtosha mwanzo haimtoshi tena, anaongeza, anaongeza, mpaka anafikia kiasi ambacho mimi na wewe kingetuua. Sasa akikaa hata wiki chache bila kutumia ule uzoefu wa mwili unashuka, ila kichwa bado kinakumbuka kipimo cha zamani, kwahiyo siku akirudia anapiga kile kile na pumzi inapungua taratibu mpaka inakata. Ndo maana aliyetoka soba au gerezani juzi tu yuko kwenye hatari kubwa kuliko teja anayetumia kila siku.

Ukimkuta anakoroma vibaya, haamki, midomo imebadilika rangi, usimnyweshe maziwa, yatampalia. Mlaze ubavu, ita bajaji, hospitali saa hiyo hiyo, na useme ukweli kwamba ni unga. Mkituficha kwa aibu tunapoteza dakika ambazo hana.

Kuna mama alinijia analia. Mwanae alirudi mzima kabisa, kanenepa, lakini akipita majirani wanaanua nguo, dukani anaangaliwa mikono, waliompokea kwa furaha ni wa kijiweni peke yao. Na ulikuwa msimu wa korosho, hela ipo mtaani na wauzaji wanajua. Hakumaliza mwezi, akarudia. Mimi simlaumu yule kijana peke yake, kwa kweli siwezi.

Mwingine wa Mikindani fundi seremala alimchukua, na wakakubaliana na kijana mwenyewe kwamba hela ya wiki dada yake ndo amtunzie. Mwenyekiti wa mtaa anapita kumsalimia, basi, salamu tu, wala hamhoji. Mpaka leo yupo kazini.

Alafu hii ya kusema methadoni, dawa anayopewa mtu wa heroini hospitali ili aache, ni kubadilisha unga kwa unga tuiache. Muhimbili walianza kuitoa 2011, ni bure, mtu anainywa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu, arosto, yale maumivu ya kukosa unga, haimsumbui siku nzima na anaweza kwenda kazini kama watu wengine. Anayeitumia msimcheke.

Najua mtasema serikali iwakamate wanaoleta. Sawa, na wanakamatwa, 2012 hapo Lindi zilikamatwa zaidi ya kilo 200 za heroini, bahari yetu ni hii hii. Ila polisi hawezi kukaa na kijana wako barazani jioni ile anayojisikia vibaya, hiyo ni yetu sisi majirani, shangazi, maustadhi, mafundi.

Kama kwenu kuna anayerudi mwezi huu niambieni kabla hajafika, nitakuja nikae na familia na majirani wawili watatu, nusu saa tu inatosha.