Chambo bandia: maana yake na namna kinavyofanya kazi katika uvuvi wa besi

Chambo bandia ni kitu kilichotengenezwa kwa mti, chuma, manyoya, plastiki ngumu au mpira laini, kikatiwa ndoana moja au zaidi, ili samaki mwindaji akishambulie ingawa hakina lishe yoyote ndani yake. Katika uvuvi wa besi wa maji baridi, yaani samaki wa jenasi ya Micropterus ambao asili yao ni mito na maziwa ya Amerika Kaskazini na ambao baadaye walipandikizwa katika nchi nyingi za mabara mengine, chambo cha aina hii ndicho kinachotawala, na karibu kila kifaa kingine anachokishika mvuvi kimeundwa kukifuata. Kwa sababu hiyo anayetaka kuelewa fimbo, rili (kifaa cha kukunjia mshipi) na mshipi ni vyema aanze na chambo, kisha arudi nyuma hatua kwa hatua hadi kwenye kiganja cha mkono wake.

Watu wengi hudhani kwamba chambo bandia kizuri ni kile kinachofanana kabisa na samaki mdogo, chenye magamba yaliyochorwa na macho yanayong'aa. Sivyo. Chambo hicho si sanamu ya chakula, bali ni mkusanyiko wa ishara chache ambazo besi amezizoea: mtikisiko wa maji, mmeto wa ubavu, kivuli kinachopita, mwendo wa kiumbe aliyejeruhiwa. Besi ni samaki wa kuvizia. Hutulia kando ya gogo lililozama, chini ya majani ya yungiyungi au mahali ambapo kina kinashuka ghafla, akingoja kitu kipite karibu. Kinapopita, hufumbua kinywa kwa kasi kubwa, na maji yanayovutwa ndani hukichukua pamoja nayo. Hana njia bora ya kukikagua kitu asichokifahamu kuliko kukitia kinywani, na akigundua kwamba si chakula hukitema papo hapo. Uvuvi wote wa chambo bandia unategemea muda huo mfupi ulio kati ya kuvuta na kutema. Chambo kina kazi ya kumfanya avute. Fimbo, mshipi na ndoana vina kazi ya kumpasha mvuvi habari na kuizamisha ncha kabla samaki hajatema.

Ishara hizo humfikia besi kwa njia kadhaa. Ubavuni ana mstari wa vijitundu wenye chembe za hisia zinazopokea mawimbi madogo ya maji, na ndiyo maana chambo chenye mtikisiko mkubwa huweza kumvuta hata katika maji machafu yasiyopitisha mwanga. Jicho lake lina seli za rangi za aina mbili, moja ikipokea zaidi wekundu na nyingine ukijani, kwa hiyo dunia anayoiona haina rangi zote tunazoziona sisi. Zaidi ya hayo, maji yenyewe hunyonya mwanga mwekundu mapema kuliko mwanga mwingine, hivyo chambo chekundu kinachovutia juu ya meza huonekana cheusi au cha kijivu kikishushwa chini sana. Katika maji meupe rangi tulivu zinazokaribiana na za samaki wadogo wa mahali hapo hutosha. Katika maji ya tope rangi nyeusi husaidia zaidi, kwa kuwa huchora umbo lililo wazi dhidi ya mwanga hafifu wa juu. Mimi huipa rangi nafasi ya tatu, baada ya kina na mwendo, maana chambo chenye rangi sahihi kinachopita mita mbili juu ya samaki aliyelala chini hakina faida.

Vyambo vigumu ndivyo vyenye historia ndefu. James Heddon wa Dowagiac, Michigan, alikuwa miongoni mwa Wamarekani wa kwanza kuviuza vilivyochongwa kwa mti, mwishoni mwa karne ya 19. Nchini Ufini, mwaka 1936, Lauri Rapala alichonga cha kwake kwa gome jepesi la aina ya kizibo, akakifunika kwa karatasi ya bati na kukipaka hasi za picha, yaani filamu za kamera, zilizoyeyushwa. Alikuwa ametambua kwamba samaki mwindaji humchagua katika kundi yule mdogo anayeyumba, akawa anatafuta kuyumba huko kuliko kufanana kwa sura. Vyambo vingi vigumu vya leo bado vinafuata wazo hilo. Vingi vina kipande bapa puani, mfano wa mdomo, ambacho hukata maji chambo kinapovutwa na kukilazimisha kipige mbizi huku kikitikisika. Kipande kirefu kilicholala mbele hukipeleka chini zaidi, na kifupi kilichosimama hukiacha karibu na uso wa maji. Vingine havizami kabisa, vikitembea juu na kumwaga matone, na hivyo hufaa alfajiri na jioni. Kuna pia chambo cha waya uliopinda chenye visahani vinavyozunguka: kisahani cha mviringo hupiga maji kwa nguvu na kusikika mbali, ilhali chembamba chenye umbo la jani hutikisa kidogo lakini hutoa mmeto mwingi.

Chambo laini ndicho kinachostahili maelezo marefu zaidi, kwa kuwa ndicho kilichobadilisha uvuvi huu kuliko kingine chochote. Mwaka 1949 Nick Creme, mkazi wa Akron, Ohio, alianza kutengeneza nyungunyungu wa plastiki laini kwa kuyeyusha na kumimina kwenye kalibu. Nyungunyungu huyo hapigi kelele wala hameti. Hulegea na kupepea anapozama, na besi akimshika humhisi laini mdomoni, hivyo huchelewa kidogo kumtema. Kuchelewa huko ndiko kunakompa mvuvi nafasi. Mtindo unaotumika sana wa kumfunga unaitwa wa Texas. Chubwi, yaani kizito cha kuzamisha chambo, yenye umbo la risasi ya bunduki hupitishwa kwenye mshipi ikiwa huru kuteleza, kisha hufungwa ndoana pana. Ncha ya ndoana huingizwa kichwani mwa nyungunyungu kwa takriban nusu sentimita, hutolewa kwa chini, ndoana huvutwa hadi tundu lake lijifiche kichwani, huzungushwa, na ncha hurudishwa ndani ya mwili wa plastiki ili isichomoze nje. Chambo kilichofungwa hivyo hupita katikati ya magugu na matawi bila kunasa, na huweza kuingia pale hasa besi anapojificha. Kikikaa kimepinda kwenye ndoana kitazunguka badala ya kuteleza, na mshipi utajisokota. Inafaa kukifunga upya kuliko kuendelea kukitupa.

Ndugu wa mtindo huo ni ule wa Carolina, ambapo chubwi nzito hutenganishwa na ndoana kwa kipande cha mshipi cha sentimita 45 hadi 90, kukiwa na ushanga na kizungushi katikati. Chubwi hukwaruza chini na kutimua vumbi, na chambo hufuata nyuma kikielea. Jigi nayo ni ndoana iliyosubiwa kichwa kizito, ikavishwa nyuzi za mpira, na hutumiwa zaidi kuigiza kamba wa maji baridi anayetambaa kati ya mawe.

Tukirudi nyuma kutoka kwenye chambo tunaifikia ndoana, ambayo namba zake huwachanganya wengi. Namba zisizo na mkwaju (/) huenda kinyume na ukubwa, yaani namba 8 ni ndogo kuliko namba 2. Zenye mkwaju na sifuri huenda sambamba na ukubwa, hivyo 4/0 ni kubwa kuliko 1/0. Kwa nyungunyungu wa plastiki wa sentimita 15 hadi 18, ndoana ya 3/0 au 4/0 ndiyo ya kawaida. Ukali wa ncha una uzito kuliko unene wa waya: ncha ikiburuzwa juu ya ukucha na isishike, inahitaji kunolewa au kubadilishwa.

Mshipi ndio sehemu inayodharauliwa, na kwa maoni yangu ndio unaoamua mambo mengi kuliko rili ya gharama. Aina kuu ni tatu, na zinatofautiana katika uzito, mvutiko na kuonekana. Nailoni huvutika kwa urahisi na huzama polepole sana. Florokaboni huvutika kidogo zaidi ya inavyodhaniwa, lakini ina uzito wa takriban gramu 1.78 kwa sentimita moja ya ujazo, kwa hiyo huzama haraka. Kipimo chake cha kupinda mwanga ni takriban 1.42, karibu na 1.33 ya maji kuliko nailoni inayozidi 1.5, na hilo huufanya usionekane kwa urahisi. Mshipi wa kusokotwa kwa nyuzi za polithini haunyumbuki karibu kabisa, ni mwembamba sana kwa nguvu zake, na huelea. Ukishayajua haya, uchaguzi hujileta wenyewe. Chambo cha juu ya maji hakifungwi florokaboni, maana uzito wake hukivuta pua chini. Hufungwa nailoni au mshipi wa kusokotwa. Nyungunyungu wa mtindo wa Texas hufaidika na florokaboni ya ratili 12 hadi 17, yaani kilo 5.4 hadi 7.7, kwa sababu kila mguso wa chini husafiri hadi mkononi. Ndani ya magugu mazito hutumika mshipi wa kusokotwa wa ratili 50 au zaidi, kwani hukata majani na hauachii. Fundo lolote lilowanishwe kabla ya kukazwa, kwa kuwa joto la msuguano hudhoofisha nailoni na florokaboni pale pale panapobeba mzigo wote.

Fimbo hupimwa kwa sifa mbili ambazo hazipaswi kuchanganywa. Ya kwanza ni nguvu, yaani uzito unaohitajika kuipinda. Ya pili ni mahali inapoanza kupindia. Fimbo inayopindia nchani tu ni ya haraka: husafirisha mguso vizuri na hupitisha ndoana katika plastiki kwa mvuto mmoja, kwa hiyo ni ya nyungunyungu na jigi. Inayopindia hadi katikati ni ya taratibu, na hufaa vyambo vigumu vyenye ndoana za ncha tatu, kwa sababu ndoana hizo nyembamba hushika nyama kidogo tu na hung'oka zikivutwa kwa ghafla. Anayemkosa besi mara kwa mara kwenye chambo kigumu mara nyingi ana fimbo ngumu mno. Nyuzi za kaboni hutoa fimbo nyepesi yenye hisia. Nyuzi za kioo ni nzito lakini hulegea kwa upole, na bado zina wapenzi wake kwa kazi hii ya pili.

Kuhusu rili maneno machache yanatosha. Ile yenye kigurudumu kisichozunguka wakati wa kutupa, inayoning'inia chini ya fimbo, huacha mshipi utoke kwa mizunguko na hutupa vizuri vyambo vyepesi vya chini ya gramu 7. Ile inayokaa juu ya fimbo ina kigurudumu kinachozunguka mshipi unapotoka. Ni sahihi zaidi na hubeba mshipi mzito, lakini kigurudumu kikizunguka haraka kuliko mshipi unavyoondoka, mshipi hujifunga vifundo, na kidole gumba ndicho breki ya kwanza. Uwiano wa gia wa 7:1 katika rili hii una maana kwamba kigurudumu huzunguka mara saba kwa mzunguko mmoja wa mpini. Breki ya kuachia mshipi samaki anapovuta huwekwa kwa kawaida kati ya robo na theluthi ya nguvu ya mshipi.

Chambo hai hakijapitwa na wakati. Rekodi ya dunia ya besi wa kinywa kikubwa inashikiliwa na watu wawili: George Perry, aliyemvua samaki wa ratili 22 na wakia 4 kwa chambo bandia katika Montgomery Lake, Georgia, tarehe 2 Juni 1932, na Manabu Kurita, aliyemvua mwingine katika Ziwa Biwa, Japani, tarehe 2 Julai 2009, kwa samaki mdogo aliye hai. Wa Kurita alizidi kidogo kwa uzito, lakini si kwa wakia 2 zinazotakiwa ili rekodi ya awali iondolewe. Tofauti iliyo muhimu kati ya chambo hai na bandia ni mahali ndoana inapoishia. Chambo hai hakina cha kumfanya samaki ateme, kwa hiyo hukimeza, na ndoana huingia kooni au karibu na matamvua, ambako kumjeruhi ni rahisi. Ikitokea hivyo na samaki anarudishwa majini, kwa kawaida ni salama zaidi kuukata mshipi karibu na ndoana kuliko kuing'oa. Samaki na kamba hai wasihamishwe kutoka ziwa moja hadi jingine, kwa kuwa wakitoroka au kumwagwa huweza kuzaana na kuwadhuru viumbe wa mahali hapo.

Tahadhari kama hiyo inahusu chubwi. Risasi ni sumu kwa ndege wa majini wanaomeza vipande vidogo pamoja na changarawe, na Uingereza ilipiga marufuku uuzaji wa chubwi nyingi za risasi mwaka 1987. Badala yake hutumika tangisteni, ambayo ni nzito zaidi kwa ujazo ule ule na ngumu zaidi, hivyo chubwi huwa ndogo na hugonga mawe kwa sauti kali. Nyungunyungu wa plastiki aliyeraruka naye arudishwe mfukoni asitupwe ziwani, kwa sababu haozi kama nyungunyungu wa kweli, na samaki akimwokota chini humvimbia tumboni.