Je, lugha ya programu ije na kisimamizi chake cha vifurushi? Dhana potofu na ukweli

Dhana: Lugha itoe kompaila na maktaba za msingi tu, vifurushi (msimbo wa ziada ulioandikwa na wengine) kila mtu ajitafutie.

Ukweli: Lugha isipotoa kisimamizi (zana ya kushusha na kusakinisha vifurushi), watumiaji hutengeneza vingi visivyoelewana. C++ haina kimoja rasmi mpaka leo: mradi huu unataka Conan, ule vcpkg, wa tatu unakutuma usakinishe maktaba kwa apt, kisakinishi cha Debian na Ubuntu, kisha uhangaike CMake, zana ya kupanga ujenzi wa mradi, izione. Rust 1.0, Mei 2015, ilitoka na Cargo, kisimamizi chake, ndani yake. Ukishusha mradi wa Rust usioujua kabisa, mara nyingi `cargo build` inatosha kuujenga.

Dhana: Kisimamizi kikishakuja na lugha, kazi imekwisha.

Ukweli: Hapa ndipo wengi wanapoumia. Python ilianza kuja na pip, kisimamizi chake, kwenye toleo la 3.4, mwaka 2014, lakini pip peke yake haitenganishi miradi. Mradi mmoja ukitaka toleo la 1 la maktaba na mwingine la 2, linalosakinishwa mwisho linafuta la kwanza, na mradi ambao hukuugusa unaacha kufanya kazi. Ukijaribu kusakinisha kwa pip kwenye Python ya mfumo, Debian 12 (mfumo wa Linux) inakukatalia kwa ujumbe `externally-managed-environment`. Tafadhali usilazimishe kwa `--break-system-packages`. Zana za mfumo wenyewe zinategemea Python hiyohiyo. Fanya hivi:

```
sudo apt install python3-venv
python3 -m venv .venv
source .venv/bin/activate
```

Kisha ndipo uite `pip install`. Kila mradi na `.venv` yake, yaani folda ya vifurushi vya mradi huo peke yake.

Dhana: Ukishaandika namba ya toleo, umelifunga.

Ukweli: Kwenye `Cargo.toml`, faili la Rust linaloorodhesha vifurushi vya mradi, "1.2" maana yake ni toleo lolote kuanzia 1.2.0 hadi kabla ya 2.0.0. Kinachofunga toleo kamili ni `Cargo.lock`, kwa npm, kisimamizi cha JavaScript, ni `package-lock.json`. Faili hilo liingie Git, pamoja na msimbo wa mradi. Kwenye seva tumia `npm ci`, si `npm install`: `npm ci` ikikuta `package.json` (orodha ya vifurushi vya mradi) na faili la kufunga havilingani, inasimama na kukuambia badala ya kubadilisha matoleo kimyakimya.

Dhana: Ghala moja la pamoja la vifurushi ndilo linaloleta hatari.

Ukweli: Machi 2016 left-pad, kifurushi cha mistari 11, kilifutwa na mwenyewe kwenye ghala la npm na miradi mingi ikashindwa kujengwa. Kosa lilikuwa kwenye kanuni ya kufuta. Kwenye crates.io, ghala la Rust, mwenye kifurushi akiliondoa toleo kwa `cargo yank`, miradi mipya hailichagui tena, ila aliye nalo kwenye `Cargo.lock` anaendelea kulipata.