Albamu za zamani za panki na suala la ustadi

Wengi wanaamini kwamba wanamuziki wa panki (aina ya roki ya kasi na yenye hasira) wa New York na London katika miaka ya 1970 hawakujua kupiga ala, hivyo hakuna haja ya kuangalia ustadi unapopima albamu zao. Imani hiyo ina chanzo. Mwaka 1977 kijarida kimoja cha Uingereza kilichora kodi tatu za gitaa (kodi ni noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja), kisha kikamhimiza msomaji aunde bendi.

Lakini kodi kuwa chache hakufanyi kazi kuwa nyepesi. Chukua ule upigaji wa gitaa wa kushusha mkono tu, bila kugusa nyuzi unapopanda. Wimbo ukienda mapigo 180 kwa dakika, na nyuzi zikipigwa mara mbili katika kila pigo, mkono unashuka mara 6 kwa sekunde. Jaribu mwenyewe: washa metronomu ya simu (programu inayogonga mapigo kwa kasi uliyoweka), shika gitaa, uende hivyo dakika mbili bila kupumzika. Mkono utakaza kabla hujamaliza. Kisha rudi kwenye albamu, ufuatilie dramu na besi: je, mwendo unayumba? Katika albamu nyingi zinazosifiwa hauyumbi, na mimi uimara huo nauheshimu kuliko solo ndefu.

Baadhi ya wanamuziki hao wa London walikuwa wameshapiga kwenye baa kabla ya 1976. Wengine walikuwa wanagenzi kweli, na bado nyimbo zao zinasisimua kwa maneno yake na hasira iliyomo.