Korongo Kavu ni Kisima cha Mtu

Jua lilikuwa halijachomoza vizuri pale mama mmoja alipoteremka korongoni akiwa na ndoo mbili na kata. Sisi tulikuwa watu kumi na mmoja kutoka Dodoma mjini, mahema yetu yamepangwa juu ya mchanga safi, tambarare kama mkeka uliotandikwa. Alitusalimia, akatupita, akaenda hadi chini ya ukingo, hatua kama thelathini kutoka hema la mwisho. Pale palikuwa na matawi ya miiba ambayo jioni nilidhani yameletwa na mafuriko. Akayaondoa moja moja, akapiga magoti, akaanza kutoa mchanga kwa mikono. Kilikuwa kisima chake.

Usiku ule nusu ya kundi letu walikuwa wamejisaidia mita chache juu ya pale, upande mkondo unakotokea. Mimi ndiye niliyewaelekeza waende huko.

Nimesomea hifadhi ya udongo, na kwa miaka kadhaa sasa naongoza watu porini na vilimani mwishoni mwa juma. Zile kanuni saba za kutembea porini bila kuacha alama, zilizotungwa Marekani na kufundishwa duniani kote, nazijua na naziheshimu. Moja inasema upige kambi na kutembea juu ya ardhi inayostahimili kukanyagwa: mwamba, changarawe, mchanga. Nyingine inataka choo kiwe mbali na maji, karibu mita 60. Jioni ile nilitazama huku na huku, sikuona maji popote. Nikaona mchanga tu, nikasema hapa panafaa.

Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba maji ni kile kinachoonekana. Huku kwetu mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka mzima hazifiki hata milimita 600 sehemu nyingi za Dodoma. Korongo hutiririka kwa saa chache au siku chache, kisha linakauka. Lakini yale maji hayakuondoka yote. Sehemu yake imezama katikati ya punje za mchanga, na mchanga wa juu ukishakauka unayafunika kama kifuniko, jua lisiyafikie. Ndiyo maana watu wa vijiji vingi kando ya mito ya msimu, Mto Bubu ukiwa mmojawapo, huchimba mchangani kiangazi wakapata maji ya kunywa. Wanazungushia miiba ili ng'ombe na mbuzi wasiingie. Ukiona miiba iliyopangwa korongoni, umeona mlango wa nyumba ya mtu.

Nilimwendea, nikamwamkia.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu.”

“Mama, samahani sana. Watu wangu walijisaidia pale juu usiku.”

Akaacha kuchota. “Wapi?”

Nikamwonyesha. Alitazama kwa muda, kisha akamwaga maji yaliyokuwa kwenye kata, akarudisha miiba mahali pake. “Basi leo tutakwenda kwa wenzetu,” alisema. Wenzao walikuwa ng'ambo ya kilima. Tulimpa dumu letu la lita 20, tukatumia asubuhi nzima kufukua tulichoacha na kukibeba kwenye mifuko. Hata hivyo dumu moja si kisima, na nilijua hivyo wakati namkabidhi.

Kwa hiyo nawaomba, kabla ya jambo lingine lolote: korongo, hata liwe dogo kiasi gani na kavu kiasi gani, si choo. Panda ukingo, tembea mita 70 au zaidi hadi mahali ambapo maji ya mvua hayakusanyiki, chimba shimo la sentimita 15 hadi 20, kisha ufukie. Beba kijembe kidogo chenye mpini imara, maana kiangazi udongo wa huku mgumu na fimbo haisaidii kitu. Karatasi na pedi zinarudi mjini ndani ya mfuko. Usizichome; nyasi za mwezi wa tisa zinangoja cheche tu. Wala usilale korongoni, hata kama huoni kisima. Mvua ikinyesha milimani usikoona, maji yanaweza kukufikia chini ya mbingu isiyo na wingu.

Ukavu huohuo ndio unaofanya neno “itaoza yenyewe” lisiwe kweli hapa. Nimeokota maganda ya machungwa juu ya mwamba miezi minne baada ya kundi fulani kupita. Yalikuwa yamekauka, yamejikunja, magumu kama kipande cha ngozi ya kiatu, rangi bado inaonekana. Ili kitu kioze kinahitaji unyevu, na sisi tunao kwa miezi mitano tu ikiwa mwaka ni mzuri. Kinachoondoa maganda mapema ni nyani, na nyani aliyezoea kula mabaki ya wageni ataanza kuvamia mashamba na mabegi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019 na kweli imepungua njiani, lakini chupa za maji bado nazikuta kila safari.

Sasa niseme juu ya udongo, kwa sababu huu ndio uwanja wangu. Tone la mvua linapopiga udongo mwekundu usio na majani, chembe ndogo hutawanyika na kuziba vitundu vya juu. Udongo unaganda na kuwa utando mgumu. Maji yanayofuata hayazami, yanateleza. Watu ishirini wakishuka mlimani kwa njia ya mkato, moja kwa moja kuelekea chini, wameyatengenezea maji mfereji. Mwaka wa kwanza ni alama ya viatu, mwaka wa tatu unaweza kuingiza mguu hadi gotini. Fuata njia iliyokwishapondwa hata kama inazunguka, na ikiwa na tope pita katikati ya tope, usiitanue pembeni.

Anayedhani natia chumvi aende Kondoa akatazame makorongo. Mmomonyoko ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 mifugo yote ikatolewa katika eneo lililoharibika zaidi. Fikiria familia ya mfugaji inaambiwa iondoe ng'ombe ili nyasi zirudi. Nyasi zilirudi, miti ikarudi, na waliolipa gharama ni wenyeji. Mimi na wewe tunaokwenda kupiga picha Jumamosi hatuna haki ya kuchonga mfereji mpya pale.

Kondoa hiyohiyo ina michoro ya miambani ya Kolo na maeneo jirani, iliyoingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Ukifika, usiguse, na usimwagie michoro maji ili rangi ing'ae kwenye picha. Ni tabia ya zamani na imeshaleta hasara: maji yanaosha rangi kidogo kidogo, na yakikauka huacha chumvi juu ya jiwe. Jambo ambalo wengi hawalifikirii ni vumbi. Sakafu ya mapango mengi ni kavu, na watoto wakikimbia mle vumbi linapanda na kukaa juu ya michoro. Tembea taratibu, ingieni wachache wachache. Baadhi ya miamba hiyo bado ni mahali pa matambiko, kwa hiyo ukikuta kitu kimewekwa pale, usikisogeze.

Kuhusu moto nina msimamo ambao baadhi ya wateja hawaupendi: kiangazi hatuwashi. Nyama ya kuchoma tunachoma nyumbani, chai tunachemsha kwa mtungi mdogo wa gesi. Chini ya mwamba moto unaacha masizi na kubandua jiwe vipande. Na kufukia makaa kwa udongo si kuyazima, ni kuyatunza. Yanakaa na joto kwa saa nyingi, na baadhi ya watoto wanaochunga mbuzi hupita pale miguu mitupu.

Mwezi wa nane uliopita tulirudi kwenye kijiji cha yule mama. Kabla ya kushusha mizigo nilikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, nikaeleza tunataka kulala wapi na kwa siku ngapi. Alimtuma kijana atuonyeshe visima. Nilihesabu vinne, katika kipande kilekile cha korongo nilichokuwa nimekiona kitupu. Tukapiga mahema juu kabisa, kwenye mwamba nyuma ya ukingo, upepo ukatutikisa usiku kucha. Alfajiri tuliwaona wachotaji wakishuka mmoja mmoja na ndoo zao, wakiondoa miiba.