Bingwa wa Ukraine ya Kisovieti hakuwa yule mnayemdhania

Dhana: Timu ya soka iliyotwaa ubingwa wa SSR ya Ukraine, yaani jamhuri ya Ukraine ndani ya Umoja wa Kisovieti, ndiyo iliyokuwa bora Ukraine nzima.

Sivyo hata kidogo, na inachosha kuona orodha ya mabingwa hao ikinakiliwa bila maelezo. Ubingwa huo ulikuwa wa zoni (kundi la timu za eneo moja) ya Ukraine katika Ligi ya Pili ya Kisovieti, yaani ngazi ya tatu. Vigogo walikuwa juu, Ligi Kuu na Ligi ya Kwanza. Chukua 1986: Dynamo Kyiv walikuwa mabingwa wa Umoja wa Kisovieti, tena walishaifunga Atlético Madrid 3-0 mjini Lyon katika fainali ya Kombe la Washindi la Ulaya. Bingwa wa Ukraine mwaka huohuo anaandikwa Zorya ya Voroshilovgrad. Zorya hao walikuwa mabingwa wa Umoja wa Kisovieti mzima mwaka 1972, kisha wakaporomoka; taji la 1986 ni la timu iliyokuwa ikijikwamua kutoka chini.

Dhana: Ukiongoza zoni, umepanda daraja.

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Kwa sehemu kubwa ya miaka ya 1980 Ligi ya Pili ilikuwa na zoni 9, na nafasi za kupanda zilikuwa 3 tu. Washindi 9 waligawanywa makundi matatu ya timu tatu tatu, wakacheza nyumbani na ugenini. Kinara wa kila kundi peke yake ndiye aliyekwenda Ligi ya Kwanza.

Piga hesabu. Zoni ya timu 24 ni mechi 46, kuanzia majira ya kuchipua hadi vuli. Baada ya hapo zinakuja mechi 4, na ushindi ulikuwa pointi 2, si 3. Pointi zote zinazowezekana ni 8, kwa hiyo sare moja ya nyumbani tayari ni jeraha. Wachezaji wamechoka, uwanja umelowa, na mpinzani ametoka zoni ya mbali ambaye hujakutana naye msimu mzima.

Bukovyna ya Chernivtsi iliongoza zoni mwaka 1982, ikabaki palepale. Ikaongoza tena 1988, ikabaki tena. Ligi ya Kwanza iliingia 1991, baada ya mfumo kubadilishwa 1990 na kushinda zoni ya Magharibi. Kwa hiyo usitazame jedwali la zoni pekee. Fungua na la makundi ya mwisho, la sivyo msimu umeusoma nusu.

Dhana: Ilikuwa ndondo ya wafanyakazi baada ya zamu.

Wachezaji waliandikwa kwenye orodha ya mishahara ya kiwanda, au jeshini kwa timu za SKA, lakini kazi yao ilikuwa mpira. Soka la ridhaa lilikuwa chini yao, kwenye mashindano ya KFK.

Dhana: Huko chini hakukuwa na cha maana.

Makocha Volodymyr Yemets na Hennadiy Zhyzdyk walitoka Kolos ya Nikopol, bingwa wa zoni 1979, wakaipa timu ya Dnipro ubingwa wa Umoja wa Kisovieti 1983. Mwaka 1992 ligi ya kwanza ya Ukraine huru ilianza na timu 20, na ni 6 tu zilizotoka Ligi Kuu ya zamani. Ubingwa ukaenda Simferopol, kwa Tavriya, waliokuwa wakihangaika kwenye zoni hadi 1987.